Plasta Nyuma ya Sikio

Uongo wenyewe ulikuwa mdogo, haukuzidi ukucha wa kidole gumba, na binti aliubandika kwa mkono wake mwenyewe nyuma ya sikio la kushoto la baba yake. Ilikuwa asubuhi ya kuondoka. Meli ya kitalii ilikuwa bado imefungwa gatini, na mzee alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda chake chumbani akijaribu kuvaa viatu vipya bila kuvifungua kamba.

"Nini hicho?" aliuliza, mkono umeshafika sikioni.

"Plasta, Baba. Kinyozi alikukwangua jana. Usiishike."

"Nilijua tu! Yule kinyozi mikono inamtetemeka kama anapapasa shilingi gizani. Nimemwambia mara ngapi avae miwani? Nikirudi ananitambua."

Kinyozi hakuwa amemkwangua mtu. Kile kilikuwa kibandiko cha dawa ya kuzuia kichefuchefu cha safari, cha mwisho kwenye rafu ya duka la dawa ambako binti huyu alikuwa amesimama nyuma ya kaunta miaka kumi na tisa. Baba yake alichukia dawa kama paka anavyochukia maji. Kidonge cha kichwa alikiweka chini ya ulimi, akasema ahsante, kisha akaenda kukitemea kwenye chungu cha maua. Angeambiwa ukweli, kibandiko kingetupwa baharini kabla meli haijang'oa nanga.

Hivyo ndivyo binti alivyojitetea moyoni. Lakini sisi tuseme kweli. Hakudanganya kwa ajili ya tumbo la baba yake. Alidanganya kwa ajili ya mdomo wa kaka yake.

Kaka mtu alikuwa mkaguzi wa shule, na tabia ya ukaguzi haikumwacha hata akiwa mezani. Mwaka mzima alikuwa akiimba wimbo mmoja: Baba amechoka, Baba afunge kile kibanda cha saa, Baba aje akae kwangu. Binti naye alikuwa na wimbo wake: akili ya Baba inakata kama wembe, mwache afe na bisibisi yake mkononi. Alipopata likizo na kutaka kumpeleka mzee safari ya siku tano baharini, kaka alicheka. "Mtu wa miaka sabini na sita? Atatapika mpaka utajuta." Binti akamjibu, basi njoo ujionee mwenyewe. Na kaka, mtu wa kukagua, akaja. Kwa hiyo mzee hakutakiwa kutapika hata mara moja. Hapo ndipo ulipozaliwa uongo wa kinyozi.

Siku ya pili bahari ilichafuka.

Tangu alfajiri wahudumu walikuwa wamechomeka mifuko ya karatasi kwenye vishikizo vya ngazi, mmoja kila hatua tatu, na abiria walikuwa wakitazama ile mifuko na kuanza kumeza mate kabla hata meli haijayumba sawasawa. Vitambaa vya meza vililowanishwa maji ili sahani zisiteleze. Mhudumu wa chumba chao, mama mmoja mnene aliyetembea kwenye sakafu ile inayopanda na kushuka kama anatembea sebuleni kwake, alipita mlango kwa mlango: kaeni katikati ya meli, tazameni mbali pale bahari inapokutana na mbingu, kuleni biskuti kavu, msikae na tumbo tupu, msisome.

Maneno hayo yote binti aliyajua kwa moyo. Aliwaambia wateja kila wiki. Sasa alikuwa amepiga magoti akilikumbatia bakuli la choo, machozi yanamtoka, na hakuna ushauri hata mmoja uliomfaa. Mganga hajigangi. Chumba cha jirani kaka yake alikuwa amelala chali, taulo usoni, akiuliza kwa sauti ya mtu anayetoa wosia ni nani hasa aliyeijenga meli hii na kama mama aliyemzaa mjenzi huyo bado yu hai.

Mzee je? Mzee alikula mayai. Alikula yake, akala ya binti, akala ya kaka. Akatembea ukumbi mzima mkono mmoja ukutani, akarudi kuwapa habari wagonjwa wake.

"Nyinyi vijana mna matumbo ya karatasi," alisema.

Binti, pamoja na kutapika kote kule, alifurahi. Aligonga ukuta wa chumba cha kaka yake mara tatu, kwa kiburi, kisha akarudi chooni.

Basi furaha hiyo ndiyo iliyomziba macho. Kwa sababu ishara ya kwanza ilikuja saa ileile. Mzee aliinua macho kwenye saa ya mishale iliyokuwa juu ya mlango, akasema, "Saa nane hii. Mbona hawatuiti chakula cha mchana?"

Ilikuwa saa mbili asubuhi. Mshale mfupi ulikuwa umelala kwenye nane, kama unavyolala kila asubuhi ya Mungu, na kila mmoja wetu tangu utotoni anajua kwamba mshale ukisema nane asubuhi, mdomo unasema mbili. Hatuhesabu, hatufikiri, ulimi unageuza wenyewe. Na huyu hakuwa mtu wa kawaida, alikuwa fundi saa kwa miaka hamsini na mbili. Mtaani walimwita Dakika Kumi, maana kila mteja aliyeulizia saa yake aliambiwa, "Dakika kumi tu," na zile dakika kumi zilikuwa na urefu wake wa pekee. Huyu ndiye aliyeutazama mshale akausoma kama ulivyo.

Binti alicheka. Alidhani ni utani, au ni kwa sababu meli ilikuwa imesogeza saa mbele usiku. "Baba, umeshakuwa mtalii kamili," alisema. Mzee naye akacheka, lakini alichelewa kidogo kucheka.

Alasiri ile ile, bahari ikiwa bado inawarusha, binti alijikokota kutoka kitandani akasikia baba yake akizungumza upande wa pili wa pazia. Alikuwa amekiinamia kiti kitupu, mikono juu ya magoti, anaongea kwa sauti ya chini yenye adabu, kama mtu aliyetembelewa.

"Ahsante, mke wangu," alikuwa akisema. "Ahsante sana."

Mama yao alikuwa amefariki miaka minne iliyopita.

Kaka alikuwa amesimama mlangoni, taulo shingoni, uso umempauka. Alikuwa ameona. Binti alimtazama akitegemea kuona ule uso wa "nilikwambia", na hakuuona. Kaka alikuwa analia. Hilo lilimuuma zaidi, kwa sababu mtu anayelia huwezi kubishana naye.

Siku ya tatu asubuhi mambo yaliharibika kabisa. Mhudumu yule mnene alimrudisha mzee chumbani akiwa amemshika kiwiko kwa heshima. Alimkuta amepanda kiti kwenye ukumbi wa kulia, huku meli inayumba, anajaribu kuibandua saa ya ukutani kwa kisu cha siagi. "Inakwenda kinyume," mzee alikuwa akiwaambia watu. "Hamuoni inakwenda kinyume?" Midomo yake ilikuwa imekauka mpaka imepasuka. Alikaa kitandani, akanywa maji, akatulia. Na katika ule utulivu akili ilimrudia kidogo, kiasi cha kutosha kumtisha.

"Wanangu," alisema, "akili yangu inaondoka. Nimeiona ikiondoka. Ni kama kuangusha skrubu ndogo, unasikia imelia sakafuni lakini huioni."

"Baba, ni uchovu tu," binti alisema.

"Usinibembeleze, Daktari." Alimwita hivyo tangu alipoanza kazi ya dawa, kwa utani, na leo hapakuwa na utani. Alivuta kamba shingoni mwake, akaivulia kichwani. Mwisho wa kamba palikuwa na funguo mbili za kibanda chake na ile lenzi yake nyeusi ya kuweka jichoni. "Mkubwa, chukua. Ulikuwa unasema kweli, mimi nikikuita mchawi. Tukifika bandarini, mpigie mwenye nyumba. Mwambie fundi viatu achukue kile chumba, amekitamani siku nyingi. Saa za watu zirudishwe kabla sijaziharibu."

Kaka alipokea funguo kwa mikono miwili.  Bandari ilikuwa kesho yake alasiri.

Binti alitoka nje akasimama kwenye korido, paji la uso kwenye ukuta wa baridi. Alikuwa ameshindwa mabishano ya mwaka mzima, na lililomuaibisha ni kwamba hilo ndilo alilolifikiria kwanza.

Mchana, mzee alipotoka kuoga, kile kibandiko kilikuwa kimeanza kunyanyuka pembeni kwa maji. Binti alikikandamiza kwa kidole, akakisugua kikashika. Kisha, kwa kuwa alikuwa amelia tangu asubuhi na macho yanamwasha, akajifuta jicho la kulia kwa kidole kilekile.

Baada ya saa moja hivi alishindwa kusoma maandishi ya kwenye chupa ya maji. Upande wa kulia kila kitu kilikuwa na ukungu. Alikwenda kwenye kioo cha bafuni, akashika sinki kwa kuwa meli ilikuwa bado inacheza, akajitazama. Mboni ya jicho la kushoto ilikuwa ndogo, ya kawaida. Ya kulia ilikuwa imepanuka, nyeusi, imekula jicho karibu lote.

 Alikijua kile kilichompanua mboni, alikuwa amekiuza. Na kama kiasi kilichobaki kwenye ncha ya kidole kimemfanyia hivi, basi kibandiko kizima, kwa siku mbili na nusu, kwenye ngozi nyembamba ya mzee wa miaka sabini na sita? Alipekua mkoba wake mpaka akalipata lile boksi, na ndani yake ile karatasi ya maelezo, bado imekunjwa kama ilivyotoka kiwandani. Aliisoma kwa jicho moja. Midomo kukauka. Ukungu machoni. Kwa wazee, tahadhari kubwa: kuchanganyikiwa, kusahau wakati na mahali, kuona na kusikia visivyokuwepo. Dalili huondoka kibandiko kikiondolewa.

Miaka kumi na tisa alikuwa akiwaambia wateja, huku akigonga kaunta kwa kidole: "Msitupe karatasi. Karatasi ndiyo daktari wa pili." Mama wa watu akinunua hata dawa ya minyoo, lazima asomewe karatasi. Na kwa baba yake mzazi hakuifungua, kwa sababu alidhani anajua, na kwa sababu alikuwa na haraka ya kumshinda kaka yake.

Alinawa mikono mara tatu. Akaenda akakibandua.

"Kidonda kimepona, Baba."

"Kimepona? Haya. Lakini yule kinyozi simsamehi."

Angesema palepale. Mdomo ulikuwa wazi. Akajiambia, ngoja kwanza akili imtulie, mtu aliyechanganyikiwa utamweleza nini? Sababu ilikuwa nzuri, na sababu nzuri ndizo mbaya zaidi, maana mtu anajifunika nazo na kulala.

Asubuhi ya siku ya nne bahari ilikuwa imelala kama shuka iliyopigwa pasi. Abiria walitoka vyumbani wakifinya macho juani, wakapeana pole kama watu waliorudi vitani. Mzee aliamka mapema, akavaa, akafunga kamba za viatu mwenyewe. Binti alimkuta kwenye sitaha, kwenye kiti cha kukunja, akiwa ametulia, macho safi. Kumbe alikuwa anamsubiri.

"Kaa," alisema. "Nina jambo. Sikutaka kaka yako asikie, ataona ni wazimu."

Binti akakaa.

"Mama yako alikuja. Juzi, alasiri. Alikaa kwenye kile kiti karibu na dirisha, na kitambaa chake cha kichwa cha bluu." Mzee alitazama maji. "Unajua siku ile hospitali waliponipigia simu niende, mimi nilisemaje?"

Binti alijua. Familia nzima ilijua na hakuna aliyewahi kulitaja. Alikuwa na saa ya mtu imefunguliwa mezani, akasema kwenye simu, "Dakika kumi tu." Akafika mama ameshafunikwa.

"Miaka minne nimekuwa nikitaka kumwomba radhi," mzee aliendelea. "Juzi nikamwomba. Nikamwambia, mke wangu, nilichelewa. Akanitazama vile alivyokuwa akinitazama, akasema, 'Hukuchelewa, fundi.' Basi. Neno moja tu. Mwanangu, hata kama akili imeondoka, imeniachia hilo. Kibanda wakichukue. Nimelipwa."

Binti aliinuka, akamwacha akitazama maji.

Alikwenda moja kwa moja kwa kaka yake. Alimkuta mbele ya meli ameinua simu juu, anatafuta mtandao, maana ufuko ulikuwa umeanza kuonekana kama mstari wa penseli. Alimwambia yote: kibandiko, kinyozi, karatasi, jicho. Kaka alimtazama ile mboni, iliyokuwa bado haijarudi sawasawa, akakunja uso. Alikuwa na haki ya kumtukana na hakuitumia.

"Kwa hiyo ni mzima," alisema.

"Ni mzima. Kaka, mrudishie funguo. Mwambie umebadili mawazo, mwambie lolote."

"Nimwambie nini? Umemtazama leo?" Kaka aliteremsha simu. "Tangu asubuhi kila akipita saa ananiuliza. 'Mkubwa, hii ni saa tatu na robo, sivyo?' Fundi saa, anaomba kuhakikishiwa saa! Nikimpa funguo atakaa mle kibandani anajiogopa mpaka afe. Hiyo hofu umempa wewe, kaiondoe wewe."

"Nikimwambia, namnyang'anya Mama."

Kaka aliona kiti kitupu tu; jibu ambalo mzee alilisikia hakulijua. Binti alimsimulia. Kaka alifunga na kufungua ile kamba ya funguo kiganjani.

"Mimi siwezi kukuchagulia," alisema mwishowe. "Ila mtandao ukishika, nampigia mwenye nyumba. Nimemwahidi Baba."

Walirudi pamoja. Mzee alikuwa palepale, shingo ameigeuzia saa kubwa iliyokuwa juu ya mlango wa ukumbi.

"Saa nne kasoro dakika tano," alisema alipowaona. Kisha, taratibu, kama mtoto anayetoa jibu darasani, "Ni kweli?"

Hapo binti alivunjika. Alipiga magoti kwenye mbao za sitaha, mbele ya watu, akasema kila kitu bila kupamba. Hakusema "nilitaka usitapike." Alisema, "Nilitaka kumshinda kaka." Alisema karatasi hakuisoma. Mzee alimsikiliza kama alivyokuwa akisikiliza saa mbovu, kichwa kimeinama upande mmoja, haulizi mpaka iishe.

"Kinyozi hakunikata," alisema kwanza.

"Hakukukata, Baba."

"Nimemtukana siku nne. Itabidi nimwombe radhi." Alipapasa nyuma ya sikio lake. "Ulikibandika lini?"

"Siku ya kuondoka. Asubuhi."

"Ukakibandua?"

"Jana mchana."

 Vidole vya mzee vilikuwa vinahesabu gotini, kimoja baada ya kingine. Kaka alisogea akamwekea zile funguo na lenzi mapajani, na mzee akavikunjia kiganja bila kuvitazama.

"Kwa hiyo niko sawasawa."

"Uko sawasawa, Baba. Hukuwa na kitu. Ni mimi. Nisamehe."

"Nyanyuka, utachafua nguo." Alimshika bega, akamnyanyua, na mkono haukuwa na hasira, na binti angelipokea kofi kwa urahisi zaidi. Kisha mzee akauliza, kwa sauti ya kazi, sauti ya kuthibitisha kipimo kabla ya kufunga kifuniko:

"Mama yako alikuja juzi, alasiri. Plasta ilikuwepo?"

Binti alitamani meli iyumbe, kitu kianguke, mtu apige kelele. Bahari haikutikisika.

"Ilikuwepo, Baba."

Mzee alivua saa yake ya mkononi, akaanza kuitia ufunguo taratibu kwa kidole gumba na cha shahada, kama alivyofanya kila asubuhi, akaiweka sikioni kusikiliza kama inakwenda. Ilikuwa inakwenda.

"Basi nilichelewa," alisema.